Siku za Kupumzika za Ramula

Kila asubuhi ya mazoezi kulipopambazuka, kabla malori hayajaanza kupanga foleni kuelekea mpakani Mpondwe, Ramula aliitoa baiskeli yake nyuma ya nyumba, akabonyeza magurudumu kwa kidole gumba, kisha akaishika barabara ya Kasese. Alikwenda kilomita kumi na kurudi kumi. Akifika nyumbani Bwera alioga, akanywa chai kwa muhogo wa jana, akavaa sare na kwenda shuleni. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba.

Zilibaki wiki tatu kabla ya mashindano ya Kasese. Watu waliyaita triathloni: unaogelea, unatoka majini na kupanda baiskeli, unashuka na kuanza kukimbia, bila kupumzika katikati. Kwa watoto wa umri wake ilikuwa mita mia nne za kuogelea, kilomita ishirini za baiskeli na tano za mbio. Ramula hakuwahi kwenda masafa marefu namna hiyo kwa siku moja.

Mwaka uliopita alifanya mazoezi pamoja na mama yake. Mama Salmah hakujua kuogelea, na baiskeli aliiogopa. Lakini kila Jumamosi, kwenye bwawa la hoteli moja mjini Kasese, alitembea ukingoni sambamba na binti yake, toka mwanzo hadi mwisho, amevaa ndala zake za manjano. Daima alikaa upande uleule. Ramula akienda, ndala zilikuwa kulia kwake. Akirudi, zilikuwa kushoto. Ndivyo alivyojifunza kuvuta pumzi pande zote mbili, jambo ambalo waogeleaji wengi huliona gumu. Yeye alitaka tu kumwona mama.

Mama alifariki mwezi wa pili, baada ya kuugua siku tisa. Sasa Ramula akigeuza kichwa aliona vigae vyeupe tu.

Baba yake, Musitafa, alikuwa msafirishaji. Tangu hitima, aliondoka na lori mara baada ya sala ya alfajiri, akarudi baada ya isha. Hata Ijumaa mchana, ambapo zamani alikaa nyumbani, alijitafutia kazi. Jumamosi alimshusha Ramula kwenye lango la hoteli, akaenda kushusha mizigo, akamchukua saa saba. Bwawa lenyewe hakuwahi kuliona. Hawakugombana. Walisalimiana, wakala, wakalala.

Aliyemfundisha Ramula ni Afande Kyomuhendo, polisi wa kike kutoka Hoima, aliyeishi kambini Kasese. Alifundisha watoto sita wa kambini, na Ramula akawa wa saba. Aliwaandikia wote ratiba moja kwenye karatasi.

"Wiki hizi za mwisho hatuongezi, tunapunguza," aliwaambia. "Jumatano na Ijumaa ni kupumzika. Usiguse baiskeli. Usikimbie hata kumfukuza kuku."

Kwa kuwa Ramula aliishi mbali, alitakiwa kila jioni kumtumia ujumbe wa simu kusema alichofanya.

Siku ngumu hazikumtisha Ramula. Aliiogopa Jumatano. Siku ya mazoezi alikuwa na jambo la kufanya. Siku ya kupumzika alitoka shuleni, akafungua kufuli, akaikuta nyumba vilevile alivyoiacha. Kikombe kilikuwa palepale. Ndala za manjano zilikuwa nyuma ya mlango, maana hakuna aliyethubutu kuziondoa. Jumatano ya kwanza alikaa kidogo, akaisikiliza redio ya jirani, kisha akafunga kamba za viatu.

Alipanda njia ya mlimani inayopita katikati ya mashamba ya kahawa. Wanawake walikuwa wakiteremka na maharagwe vichwani, na mmoja akamuuliza, "Mutoto, unakimbia nini na hakuna mvua?" Wenzake wakacheka. Ramula naye akacheka. Tangu atoke shuleni, hakuna mtu mwingine aliyemsemesha.

Jioni aliandika: "Nimepumzika, Afande." Ijumaa aliendesha baiskeli hadi Munkunyu na kurudi, kisha akaandika maneno yaleyale.

Wiki ya pili mfupa wa mbele wa mguu wake wa kulia ulianza kuuma. Aliufunga kwa kipande cha kanga, akavuta soksi juu yake, akaendelea. Darasani Nasif, aliyeketi nyuma yake, alimwona akichechemea.

"Jaja," alimwita, kama anayemwita bibi yake, "nikuletee mkongojo?"

Jumamosi, siku nane kabla ya mashindano, Ramula alitoka majini akashindwa kukanyaga vizuri.

"Kaa chini. Leta mguu," alisema Afande.

Aliubonyeza kwa kidole, na Ramula akauma mdomo. Afande alitoa ratiba mkobani, akaisoma juu hadi chini, kisha akawaita wale sita wengine. Aliwaambia mazoezi yameishia hapo. Alisema aliwapa watoto ratiba nzito kuliko miili yao, akamuumiza mmoja, na hakuwa tayari kuumiza wengine. Jumatatu angeyaondoa majina yote saba kwenye mashindano.

"Kosa ni langu," alisema.

Mugume, mdogo kuliko wote, aliivua miwani yake ya kuogelea taratibu, akageuka kutazama ukutani. Mabega yalikuwa yakimtetemeka.

Ramula aliitazama ile karatasi mkononi mwa Afande. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua.

"Afande, si kosa lako," alisema. "Jumatano nilikimbia mlimani. Ijumaa nilienda Munkunyu. Wiki zote mbili. Nilikuandikia uongo."

"Kwa nini?"

"Nyumba inanyamaza," alisema.

Afande aliikunja ratiba, akawaamuru wale sita warudi majini. Hakumgombeza Ramula. Alimpeleka zahanati, ambako muuguzi alisema mfupa haujavunjika ila umechoka. Apumzike siku saba, na siku ya mashindano maumivu yakirudi atembee. Baba alipofika saa saba, Afande alimfuata kwenye lori, wakazungumza wamesimama kwa muda mrefu. Ramula hakusikia lolote.

Walipokaribia nyumbani, baba alipunguza mwendo wa lori.

"Hata mimi nakimbia, mwanangu," alisema. "Ni vile tu mimi nakimbia na lori."

Jumatano Ramula alipotoka shuleni aliukuta mlango wazi. Baba alikuwa ameketi na ungo, akichagua mchele, na mawe alikuwa anayaacha. Ramula akakaa kumsaidia. Siku hiyo walimtaja mama kwa mara ya kwanza tangu hitima, na baba akasimulia jinsi mama alivyoikimbia baiskeli siku iliponunuliwa.

Siku ya mashindano maji yalikuwa baridi. Ramula alipiga mikono mara sita, akageuza kichwa kulia. Ukingoni aliona sandali nyeusi za matairi, zenye vumbi la Mpondwe, zikitembea haraka kumfuata. Aliporudi aligeuka kushoto. Zilikuwepo.

Kwenye baiskeli alikwenda vizuri. Katika kilomita ya tatu ya mbio mguu uliuma, naye akatembea kama alivyoagizwa, huku wengine wakimpita. Alimaliza wa kumi na moja kati ya ishirini na watatu. Mugume alimtangulia, akahakikisha kila mtu amelijua hilo.

Afande Kyomuhendo aliwaketisha wote saba kivulini.

"Sikilizeni," alisema. "Mwili hupata nguvu siku ya mazoezi, na hupata nguvu siku ya kupumzika. Ukiiba moja, umeharibu zote. Mkinidanganya siwezi kuwasaidia, maana sitajua panapouma. Na upweke nao ni maumivu. Usiufungie kitambaa ukavuta soksi juu yake. Sema."

Ramula aliitikia pamoja na wenzake, macho chini.

Kesho yake ratiba ilisema kupumzika. Baba alizitoa ndala za manjano nyuma ya mlango, akazifuta vumbi, akazipanga mlangoni kando ya sandali zake na viatu vya Ramula. Kisha wakala wali, nao ulikuwa bado na mawe mawili matatu.

Jioni Ramula alichukua simu. "Nimepumzika, Afande," aliandika, na safari hii ilikuwa kweli.