Kura Iliyotafunwa

Asubuhi ile Yustus alikuwa kwenye kibanja chake huko Nyakakika, Karagwe. Alikuwa akikata majani makavu ya migomba na kuyatandaza chini ya mibuni. Mkewe, Kemilembe, alikaa mlangoni mwa jiko akimenya ndizi. Binti yao, Kokuhirwa, alikuwa uani akifukuzana na kuku.

"Kokuhirwa, niletee maji!" Kemilembe aliita.

Mtoto hakugeuka. Kemilembe akainuka, akazunguka upande wa kulia wa mtoto, akaita tena. Safari hii Kokuhirwa alisikia, akakimbilia mtungi.

Yustus aliona yote hayo kutoka kwenye migomba, na moyo ulimuuma. Masika iliyopita mtoto alishikwa na homa kali, sikio la kushoto likatoa usaha. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya bonde, na bonde lilikuwa limejaa maji. Kemilembe alimbeba mgongoni, akaingia majini hadi kiunoni, akashindwa, akarudi nyumbani analia. Maji yalipopungua wakavuka. Mganga wa zahanati aliiponya homa, lakini sikio lilikuwa limekwisha kufa.

Daraja la magogo lingetosha. Kila mtu pale kijijini alijua hivyo. Lakini nani wa kulisemea?

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, wakati Chama cha kudai uhuru kilikuwa kimeanza kufungua matawi vijijini. Habari ilikuwa imefika kwamba wananchi watachagua mtu wa kuwawakilisha kwenye baraza la wilaya. Nyakakika walijitokeza watu watatu. Tawi la Chama lilitakiwa likutane Jumapili, baada ya ibada, liamue litamuunga mkono nani kati ya hao.

Wa kwanza alikuwa Placidius, mwenye duka, mtu wa Muleba. Alikuwa mcheshi, na rubisi yake, pombe ya ndizi, haikukauka. Wa pili alikuwa Byabato, mkulima kama wengine, mtu wa maneno machache. Wa tatu alikuwa Mzee Rwegoshora. Huyu aliheshimiwa na kila mtu, na tena ndiye aliyekuwa baba yake Kemilembe.

Basi hapo ndipo Yustus alipokwama. Byabato peke yake ndiye aliyekuwa akizungumzia daraja. Lakini desturi ya kuchagua pale kijijini ilikuwa ya kupanga mstari. Wagombea husimama mbele, na kila mtu huenda kusimama nyuma ya anayemtaka. Mkwe gani atampita baba mkwe wake mbele ya macho ya watu, aende kusimama nyuma ya mtu mwingine? Hiyo ingekuwa kumvua mzee nguo hadharani. Kemilembe angeweza hata kuitwa arudi kwao.

Jioni Yustus alikwenda kwa jirani yake, Ma Kokubanza. Mama huyu alikuwa mjane. Aliwahi kuolewa upande wa Bukoba, akakaa huko miaka mingi, akashuhudia chaguzi za chama cha wakulima wa kahawa. Sasa alikuwa mjumbe wa kamati ya tawi. Yustus alimkuta akianika kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha ikakaushwa juani.

"Shikamoo, Ma Kokubanza."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mbona uso umekunjamana hivyo?" Akamsogezea kikapu kidogo cha kahawa. Yustus akachukua punje moja, akatafuna.

"Ni hiyo Jumapili, mama. Mguu wangu utakwenda kwa Tata Rwegoshora, baba mkwe wangu, na moyo wangu utabaki kwa Byabato."

Ma Kokubanza akacheka. "Unadhani uko peke yako? Hapa kijijini nusu ya watu ni wakwe zake au watoto aliowasimamia ubatizoni. Nusu iliyobaki wamekunywa rubisi ya Placidius, wanaona aibu. Mstari hautuonyeshi mnamtaka nani. Unatuonyesha mnamwogopa nani."

"Sasa tufanyeje?"

"Tuchague kwa siri. Kule nilikokuwa, kila mtu aliingia peke yake chumbani, akatoa kura yake, akatoka. Hakuna aliyemwona. Tena kabla ya kura, wagombea wote waliulizwa swali moja mbele ya watu."

"Lakini mama, kwa nini tusiwaache wote watatu wagombee tu?"

"Tukiwapeleka wote watatu, watu wa Nyakakika watagawanyika, kila mmoja na wake. Mtu wa kata nyingine atapita katikati yetu anatabasamu. Tawi likishakubaliana juu ya mmoja, sote tunakuwa nyuma yake. Ndiyo maana ya kuteua."

"Na hao wazee wasiojua kusoma?"

"Punje haitaki kusoma," alisema Ma Kokubanza. Akachota kahawa mkononi. "Tutaweka vibuyu vitatu chumbani. Kila mtu punje moja. Kahawa tunayo ya kumwaga."

Wazo lile walilipenda sana wote wawili. Hawakuona kasoro yake, maana kahawa ilikuwa mdomoni mwao wakati huo huo.

Jumapili watu walijaa katika nyumba ya mafundisho ya dini. Mwenyekiti wa tawi, Mzee Methodius, alifungua mkutano. Ma Kokubanza akaeleza mpango. Baadhi ya wazee waligunaguna, lakini Rwegoshora mwenyewe akasema, "Na iwe hivyo. Anayenitaka atanitaka hata gizani." Alisema kwa furaha kabisa, maana hakuwa na shaka.

Kisha wagombea wakaulizwa: Utafanya nini juu ya bonde letu?

Placidius alisema, "Ndugu zangu, mimi nikiwa barazani, hakuna kitakachoshindikana!" Akapigiwa makofi. Alipoketi, watu wakatazamana. Hakuwa amesema kitu.

Rwegoshora alisimama taratibu. "Bonde lile aliliweka Mungu. Mimi nimelivuka tangu utoto wangu. Mwenye haraka azunguke." Alikuwa mtu mwema, na alisema alichoamini. Lakini Kemilembe, aliyekaa upande wa wanawake na Kokuhirwa mapajani, aliinamisha kichwa.

Byabato alisema, "Nimepima upana kwa kamba. Magogo tutayapata hapa hapa, na mikono tunayo. Tunachokosa ni misumari mirefu na fundi. Nitakwenda kuviomba barazani. Wakininyima, nitaomba tena." Akaketi.

Vibuyu vikawekwa katika chumba cha nyuma. Cha Rwegoshora kilifungwa kitambaa cheupe, cha Placidius kitambaa chekundu, cha Byabato kamba ya mgomba. Watu wakaanza kuingia mmoja mmoja, kila mtu na punje yake ya kahawa.

Zamu ya Yustus ikafika. Akaingia. Hakukuwa na mtu mle ndani, lakini kupitia ukuta wa matete alisikia mtu akikohoa. Kilikuwa kikohozi cha baba mkwe wake! Wazee walikuwa wamekalishwa hapo hapo, nyuma ya ukuta. Na punje ya mtu aliyemtangulia ilikuwa imegonga ndani ya kibuyu, ko! Kila mtu alisikia ilikotokea.

Yustus alinyoosha mkono kwenye kibuyu cha kamba ya mgomba. Mzee akakohoa tena. Yustus akaurudisha mkono, akaitia punje kwenye kibuyu cha kitambaa cheupe. Ko! Akatoka amejikasirikia. Alipomwona Kokuhirwa amemgeuzia mama yake sikio la kulia ili asikie anachoambiwa, hakujua aangalie wapi.

Kura zikahesabiwa mbele ya watu wote. Mzee Methodius akahesabu, kisha akahesabu tena.

"Jamani," akasema, "punje zimewazidi watu."

Kelele zikazuka. "Wizi!" wengine walipiga kelele. "Rubisi imefanya kazi yake!"

Ma Kokubanza akanyanyua mkono. "Ngojeni. Nani hapa ana kahawa mfukoni?"

Watu wakapapasa mifuko na pindo za kanga. Karibu wote walikuwa nayo. Hakuna mtu wa Karagwe anayekwenda mkutanoni bila kahawa yake ya kutafuna. Mzee mmoja akasema bila hata kuona haya, "Mimi niliongeza mbili. Mgombea wangu nampenda sana."

"Lo!" alisema Ma Kokubanza, akajipiga paji la uso. "Kosa ni langu. Nimewapa kura inayoota kwenye mifuko yenu." Kisha akamtazama mwenyekiti. "Na wewe, Mzee Methodius, unatafuna nini?"

Mzee Methodius aliacha kutafuna. Akafikiri. Macho yakamtoka.

"Kumbe nimeitafuna kura yangu!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Hata Rwegoshora alicheka hadi akajifuta machozi. Hasira zilizokuwa zimeanza kupanda zikaisha palepale.

"Sasa tufanye sawasawa," alisema Ma Kokubanza. Akamtuma mtu alete maharage mabichi. "Haya hamuyabebi mifukoni, na mabichi hamtayatafuna. Kila mtu atapewa moja mlangoni, aingie akiwa amefungua viganja tuvione. Ndani ya vibuyu tutaweka nyasi, yasisikike. Na wazee wangu, naomba msogee, mkae kule kwenye miti. Siri yenye msikilizaji si siri."

Wazee wakasogea. Watu wakaanza upya.

Yustus alipoingia mara ya pili, chumba kilikuwa kimya. Aliikumbuka siku ile Kemilembe aliporudi kutoka bondeni, nguo zimelowa hadi kifuani, mtoto akilia mgongoni. Akalitia haragwe lake kwenye kibuyu cha kamba ya mgomba. Lilianguka kwenye nyasi bila sauti. Akatoka anapumua vizuri kwa mara ya kwanza wiki ile.

Hesabu ya safari hii ilikuwa sawa na watu. Kibuyu cha Byabato kilivishinda vingine viwili kwa mbali.

Rwegoshora aliikodolea macho hesabu. Kisha akasimama, akampa Byabato mkono, akachukua fimbo yake, akaondoka.

Kabla jua halijazama, Yustus alimwona baba mkwe wake akija njiani kati ya migomba. Akampokea fimbo, akamkaribisha ndani. Kemilembe akaleta ndizi zilizopikwa na maharage. Mzee aliyatazama yale maharage, akatikisa kichwa, akaanza kula.

"Nimetembea kijiji chote leo," alisema. "Kila niliyekutana naye nilijiuliza, huyu alinipa au alininyima? Nikagundua kwamba sijui. Sijui hata mmoja."

Yustus aliinamisha kichwa. "Tata..."

"Nyamaza, mwanangu. Sikuulizi, na wewe usiniambie. Kama tungepanga mstari ningejua, na ningejua milele. Leo nisingekula hapa." Akanawa mikono. "Wametaka daraja. Sawa. Ile mikaratusi yangu ya kule juu imenyooka. Mwambieni Byabato aje aione."

Usiku huo Kemilembe alimuuliza mumewe, "Baba Kokuhirwa, wewe ulimpa nani?"

"Na wewe ulimpa nani?"

Kemilembe alicheka tu, akageukia ukuta.

Byabato alishinda uchaguzi wa baraza. Aliomba misumari barazani, akanyimwa, akaomba tena. Kabla ya masika kijiji kizima kilishuka bondeni. Wanaume walibeba mikaratusi ya Rwegoshora, wanawake walileta mawe na chakula, fundi akagongomea. Tangu hapo tawi la Nyakakika halikupanga mstari tena. Kila walipoteua mtu, walianza na swali, na mwishoni walitumia maharage.

Masika ilipokuja, Kokuhirwa aliamka usiku akilia. Alishika sikio la kulia, lile la pekee lililobaki. Mwili ulikuwa wa moto.

Kulipopambazuka mvua ilikuwa ikimwagika na bonde limejaa pomoni. Rwegoshora, aliyekuwa amelala kwao usiku ule, hakungoja mtu aseme. Alimbeba mjukuu wake mgongoni, Kemilembe akamfunika kwa jani kubwa la mgomba. Wakavuka. Maji ya kahawia yalipita kwa kishindo chini ya miguu ya mzee, na magogo hayakutikisika. Yustus alikuwa nyuma yao akimshukuru Mungu kwa sauti.

Mganga alisafisha usaha sikioni, akampa dawa, akamlaza pale zahanati. "Mmewahi," alisema. "Kesho mngechelewa."

Baada ya siku chache usaha ulikauka. Rwegoshora alikwenda zahanati kumchukua mtoto, wakafika tena darajani. Hapo katikati mzee alisimama. Alikuwa na hofu asiyotaka kumwonyesha mtu. Akainama kwenye sikio la kulia la mtoto, akapaza sauti kwa nguvu zake zote:

"Kokuhirwa! Unanisikia?"

Mtoto akaruka, akaziba sikio kwa kiganja.

"Nakusikia, Babu," alisema. "Mbona unapiga kelele?"