Mgonjwa wa Chumba cha Nyuma

Mama yangu mdogo, Attracta, hakuwa mtu wa kuona mauzauza. Alikuwa amefanya kazi ya uuguzi miaka thelathini na miwili, ameosha maiti wengi kuliko alivyofua mashuka yake. Alipostaafu mwaka 1978 alinunua nyumba ya mawe ya akina Gilhooly, huku kwetu Leitrim, kwa sababu tu alipenda madirisha yake. Haya alinisimulia mwenyewe, ila ya mwisho nilikuwepo.

Jumanne moja ya Oktoba, saa nne asubuhi, alikuwa jikoni akikanda mkate wa magadi. Akasikia ukuta unagongwa kutoka chumba cha nyuma. Mara tatu, taratibu, kama kwa fimbo. Alidhani ni bomba. Kisha viatu vya mwanamke vikapita nyuma yake, haraka, kutoka mekoni hadi mlango wa kile chumba. Mtu akashusha pumzi, pumzi ya mtu aliyechoka kuitwa.

Jikoni alikuwa peke yake.

Kesho yake ikawa vilevile. Keshokutwa, mara nne. Alimwita fundi bomba, fundi akakaa saa mbili akinywa chai bila kusikia kitu. Gari lake lilipokata kona tu, ukuta ukagongwa. Alimleta padri, padri akanyunyiza maji ya baraka kila pembe. Hajafika hata getini, ukuta ukagongwa. Mama mdogo akarusha kitambaa cha vyombo sakafuni. Alisema hakuogopa. Alikereka.

Aliyemfungulia mambo ni Concepta Rynn, jirani aliyemletea mayai kila Ijumaa. Ukuta ulipogongwa, Concepta hata kikombe hakukitua.

"Kumbe bado anamsumbua," alisema.

"Nani anamsumbua nani?"

"Bartley. Anamwita dada yake."

Ndipo akamweleza. Philomena Gilhooly alikuwa na dada yake Boston, ambaye alimtumia tiketi ya meli mara tatu. Mara ya kwanza Philomena alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Sanduku likafungwa, majirani wakaja kumuaga, na asubuhi ya safari kaka yake Bartley akashindwa kuinuka kitandani. Miguu, alisema. Philomena akavua koti akabaki. Wiki moja baadaye Bartley akaonekana mnadani akikagua ndama. Tiketi ya pili, kifua. Ya tatu, moyo. Baada ya hiyo hakuinuka tena kitandani. Alilala chumba cha nyuma miaka ishirini na tisa akigonga ukuta kwa fimbo. Chai. Mto. Dirisha.

"Alikuwa anaumwa kweli?" mama mdogo aliuliza.

"Daktari hakuwahi kuona ugonjwa. Lakini wewe ungefanyaje, na mtu anagonga?" Concepta akafunga kitambaa chake cha kichwa. "Bartley alipokufa, dada wa Boston naye alikuwa amekwisha kufa. Tulimkuta Philomena jikoni, amekaa kwenye kiti, amekufa na koti mwilini."

Sasa, binti wa mama mdogo, Grania, naye alikuwa Boston, na alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza. Mama mdogo alikuwa aende kumsaidia; ndege yake ilikuwa Alhamisi, kutoka Shannon. Alhamisi jioni Grania akanipigia simu analia. Mama yake hakushuka kwenye ndege. Nikapiga kule nyumbani.

"Siwezi, Nessa," mama mdogo akaninong'oneza. "Nani atampa chai?"

"Nani, mama mdogo?"

Akakata simu.

Nilimkatia nafasi nyingine, Jumatatu, nikaenda kumchukua mwenyewe. Nilifika saa tano, jua limetoka. Alikuwa amekonda. Sanduku lilikuwa tayari mlangoni, na yeye anachemsha maji. Nikafungua chumba cha nyuma. Kitanda cha chuma, hakina godoro. Sakafuni kando yake kulikuwa na vikombe vya chai, vimepangwa, vimepoa, vingine vimeota ukungu. Nilihesabu kumi na tisa.

Vitatu vilikuwa vimenywewa.

"Tunaondoka," nikasema. "Sasa hivi."

"Nimwekee hiki tu."

"Hapana. Weka chini."

Ukuta ukagongwa. Mara tatu. Niliusikia mimi. Mkono wa mama mdogo ukaanza kwenda kwenye birika wenyewe. Nikamshika bega, nikamvalisha koti, nikamvuta. Ukagongwa tena. Kwa nguvu. Viatu vikapita kati yetu. Haraka. Nilihisi upepo wa sketi miguuni.

Nikafungua mlango wa mbele. Nikatoka na sanduku. Mama mdogo akavuka kizingiti, kisha akageuka. Uso wake ulikuwa umerudi, ule wa wodini.

"Philomena," akasema kwa sauti ya chini. "Haumwi. Hakuwahi kuumwa. Mwache agonge."

Akanyoosha mkono ndani ya nyumba.

Kisha viatu. Polepole safari hii. Vikaja sakafuni hadi kizingitini. Vikasimama. Mkono wa mama mdogo ukashuka kidogo, kama umebebeshwa kitu. Aliinama mbele. Alikuwa anavuta.

"Hatua moja," akanong'ona. "Moja tu, dada."

Ukuta ukagongwa.

Mara moja, kidogo, kigonjwa.

Mkono ukabaki mtupu. Viatu vikarudi ndani. Haraka, kama kawaida.

Mama mdogo alibaki pale mlangoni. Akapiga mwimo kwa ngumi. "Mjinga," alisema, na alikuwa analia. "Mjinga wewe, alikuwa ameshafika."

Uwanjani Shannon nilimsaidia kuvua koti lipite kwenye ukaguzi, ndipo nikaona kifundo chake cha mkono. Alama tano, nyeusi kama masizi. Vidole vyembamba, vya mwanamke anayefua sana. Nilizisugua kwa leso yenye mate. Hazikutoka.

Aliwahi kumpokea mjukuu wake, na nyumba ile hakuirudia. Aliishi miaka kumi na mmoja zaidi. Alipofariki nilimwosha mwenyewe kabla watu hawajaja kukesha. Kwa sabuni, kwa maji ya moto, kwa brashi.

Bado zilikuwepo zote tano.