Guka Gathogo na Nyuzi Tisini na Nne

Wacera alipokuwa gredi ya sita, asubuhi nyumbani kwao Ruring'u, Nyeri, ilianza kwa muziki. Guka wake, yaani babu yake, alibandika birika la chai kwenye meko, akajifunga kodiani kifuani, kisha akalipigia birika wimbo wa mwomboko, ngoma ya wazee wa kwao, huku akicheza peke yake jikoni: hatua mbili, kupinda goti, hatua mbili, kupinda goti. Alidai kwamba maji yakipigiwa muziki huchemka upesi. Kazi ya Wacera ilikuwa kusimama kando na saa mkononi.

"Leo ni dakika ngapi?" guka aliuliza, akihema.

"Saba na nusu, Guka. Na jana bila muziki zilikuwa saba na nusu vilevile."

"Lo! Basi maji haya hayana masikio." Guka aliangua kicheko mpaka kodiani nayo ikatoa mlio. "Lakini tusingelijua bila kupima, sivyo? Usiniamini mimi, Wacera. Pima."

Mzee huyo mcheshi alikuwa Profesa Gathogo, mwanafizikia aliyejulikana nchi nyingi. Ujana wake wote alikuwa Ulaya, akichunguza jinsi vyuma vinavyobadilika katika baridi kali kupita kiasi. Hata alipostaafu, wataalamu waliendelea kumwandikia barua kumwuliza hili na lile. Siku moja wageni watatu wenye suti walifika na gari kumtafuta. Wakamwuliza Wacera, "Profesa yuko wapi?" Kabla hajajibu, sauti ikatoka juu ya mparachichi: "Yuko kazini!" Guka alikuwa amekaa tawini na buti zake za mpira, akifunga kamba ya bembea, kwa kuwa alitaka kuhesabu itayumba mara ngapi kwa dakika. Wageni hao waliingia kwenye mada yao baada ya kila mmoja kupanda bembea kwa zamu yake.

Gari hakuwa nalo, wala hakulitaka. Alipanda baiskeli. Alikwenda mtaa wa Majengo kutengeneza redio za wenye vibanda, na malipo yake yalikuwa chai na mazungumzo. Kila Jumamosi alicheza mwomboko na akina mama wa soko. Mama yake Wacera alifanya kazi katika hoteli moja mjini Nanyuki, akawa anarudi mwisho wa mwezi. Kwa hivyo nyumba ilikuwa ya hao wawili, mzee na mjukuu. Cucu Njoki, mke wa guka, alikuwa amefariki Wacera akiwa bado mdogo.

Wacera alimpenda guka wake kupita maelezo. Hata hivyo, shuleni wenzake walipomtania, "Ati guka yako huongea na birika?" alitamani ardhi ipasuke.

Muhula wa pili, Mwalimu Watiri alitangaza maonyesho ya sayansi. Wanafunzi wangefanya utafiti wawili wawili, na watakaoshinda wangewakilisha shule kwenye mashindano Nanyuki. Wacera aliinua mkono kabla mwalimu hajamaliza. Nanyuki! Mama angemwona amesimama mbele ya watu, na hakuna ambaye angecheka tena.

Yeye na rafiki yake Peterson waliamua kuchunguza maji ya aina tatu: ya mvua, ya mfereji na ya mtoni. Yapi yangechemka mapema? Yangechemka yakiwa na joto kiasi gani? Mwalimu aliwapa kipimajoto na meko, nao wakajifungia katika chumba cha sayansi baada ya masomo.

Maji ya mvua yalianza kutokota. Wacera aliinama kusoma.

"Tisini na nne," alisema.

"Ngoja yapande," Peterson alimjibu.

Walingoja. Maji yaliruka na kububujika, mvuke ukajaa chumbani, lakini kipimajoto hakikusogea. Walijaribu maji ya mfereji: tisini na nne. Ya mtoni: tisini na nne tena.

Peterson alikifunua kitabu, akaweka kidole juu ya mstari. "Soma hapa. Maji huchemka kwa nyuzi mia moja. Hiki kitu kimeharibika."

"Tumwambie mwalimu atupe kingine."

"Kingine hakuna, na maonyesho ni kesho! Wacera, ukiandika tisini na nne watatucheka. Watasema maji ya Ruring'u yanachemka kivyake, kama ya guka yako."

Maneno hayo ya mwisho yalimchoma. Wacera alishika kalamu. Alikumbuka sauti inayomwambia kila siku apime, akaisukuma pembeni. Akaandika 100, halafu 100, halafu 100, kwa mwandiko mzuri wenye wino wa buluu. Peterson akachora mistari na kupaka rangi. Bango likapendeza kweli.

Siku ya maonyesho walishinda. Mwalimu Watiri aliwapa mkono mbele ya wazazi wote, akasema baada ya wiki mbili wangekwenda Nanyuki. Makofi yalikuwa bado yanalia guka alipofika mbele ya bango lao, amevaa suti na buti za mpira. Akasoma. Akasogea karibu zaidi, akasoma tena.

"Mlipima mara ngapi?" aliuliza polepole.

"Mara tatu, Guka."

"Na mara zote tatu ikawa mia?"

Wacera alitazama sakafu. "Mara zote."

Alitarajia mzaha, ila hakuna mzaha uliotoka. Macho ya mzee yalimeta kama ya mtoto aliyeonyeshwa kitu kipya. "Mia!" alinong'ona. "Hapa hapa Nyeri! Basi kuna jambo kubwa ambalo silijui." Akapanda baiskeli, akaenda zake bila hata kuaga.

Wacera aliporudi nyumbani alikuta meza ya jikoni imejaa. Kulikuwa na birika, sufuria mbili, na vipimajoto viwili vya guka vya tangu enzi za kazi yake, kila kimoja katika kisanduku chenye kitambaa laini. Guka alikuwa amekunja mikono ya shati. Karatasi iliyokuwa mbele yake ilikuwa imejaa nambari.

"Cha kwanza kinasema tisini na nne," alisema bila kuinua macho. "Cha pili pia. Kwa miaka arubaini nimeviamini hivi. Labda vimezeeka kama mimi."

"Labda ni chetu cha shule kilichoharibika, Guka."

"Hapana. Nambari zenu umeziandika wewe. Nakujua. Kipimajoto kinaweza kudanganya, lakini Wacera hadanganyi." Akasimama, akachukua koti. "Nakwenda kuazima kipimajoto cha yule bwana anayepima maziwa ya wakulima. Kikisema mia, nitawaandikia wenzangu Ulaya kwamba nimekuwa nikifundisha makosa maisha yangu yote."

Nje mvua ya Julai ilikuwa inanyesha, ile nyembamba yenye baridi inayoshuka kutoka mlimani na kupenya hadi mifupani. Wacera alisimama mlangoni akamtazama mzee wa miaka sabini na minane akisukuma baiskeli kwenye tope, anakwenda kujihukumu kwa sababu ya nambari tatu za uongo. Alikaa kitini akashindwa, akasimama akashindwa. Hata kitabu alichokifungua hakukisoma.

Guka alirudi amelowa chapachapa, kipimajoto amekificha ndani ya shati kisivunjike. Akakipangusa. Akawasha meko.

"Guka, acha kupima," Wacera alisema.

"Kidogo tu, nitamaliza."

"Guka, acha! Ilikuwa tisini na nne." Machozi yalimtoka. "Zote tatu. Kitabu kilisema mia, nasi tukaogopa kuchekwa, ndipo nikaandika mia. Hujafundisha makosa. Ni mimi niliyekosa."

Guka alizima meko. Wacera alingoja akemewe, na angependelea kukemewa kuliko kile alichokiona: guka alivirudisha vile vipimajoto vyake kisandukuni kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayewaomba radhi marafiki.

"Lete taulo," alisema hatimaye. "Halafu keti, nikusimulie kisa ambacho aliyekijua vizuri ni cucu yako peke yake."

Akajifuta kichwa, akaanza. "Nilipokuwa kijana Ulaya, nilipata nambari moja. Nambari ndogo tu, lakini iliwashangaza wataalamu. Magazeti yakaniandika. Nikaahidiwa kuwa mkuu wa maabara, mimi mtoto wa mkulima wa Nyeri! Asubuhi moja nikiwa peke yangu, nikaona waya wa kipimajoto changu umegusa ukuta wa chombo. Umegusa kidogo sana. Maana yake ilikuwa kwamba nambari yangu si kweli."

"Nani mwingine aliona?"

"Hakuna. Ningeunyoosha ule waya nikanyamaza, mpaka leo ungesikia jina langu redioni." Guka alitabasamu. "Siku hiyohiyo nikasimama mbele ya ukumbi mzima, nikasema nimekosea. Ukuu akapewa mwingine. Nilirudi chumbani kwetu nikamweleza Njoki, nikidhani atalia. Unajua alisemaje? Alisema, 'Basi mguu wako umekuwa mwepesi. Simama tucheze.' Tukacheza mwomboko usio na kodiani, theluji ikianguka nje, yeye akiimba kwa mdomo."

Akalitundika taulo, akaendelea.

"Na zile barua wanazoniandikia, Wacera, unafikiri ni kwa kuwa nina akili kuwashinda? Wapo wenye akili wengi. Wananiandikia kwa sababu tangu siku ile, nikisema jambo ni tisini na nne, wanajua niliona tisini na nne."

Wacera alipangusa uso. "Kesho nitamwambia mwalimu."

"Hilo ni lako. Mimi sitakusukuma."

Asubuhi yake Peterson alipoambiwa alifoka. "Utatuharibia! Si tumeshashinda?" Lakini Wacera alipoelekea mlango wa ofisi, alisikia hatua nyuma yake. Peterson alikuwa anamfuata, ameinamisha kichwa. "Kalamu ulishika wewe, lakini maneno yalikuwa yangu," alisema. Wakaingia pamoja.

Mwalimu Watiri aliwasikiliza hadi mwisho. Akawashukuru kwa kusema, kisha akasema jambo gumu: nafasi ya Nanyuki ingepewa Wendy na Dedan, waliokuwa wa pili. Wacera alitikisa kichwa kukubali. Usiku ule, ajabu, alilala fofofo.

Jumamosi iliyofuata guka aliomba ruhusa kwa wazazi wa Peterson, akawachukua watoto hao wawili. Mzigo wao ulikuwa meko, sufuria, chupa ya maji na vipimajoto vyote vitatu. Walikwenda Nanyuki, na nyuma ya hoteli, mama yake Wacera akiwa bado amevaa aproni ya kazi, wakachemsha maji. Kipimajoto kilisimama katikati ya tisini na tatu na tisini na nne. Kisha wakapanda naye hadi lango la hifadhi ya mlima, mahali ambapo pumzi hufupika na miti imevaa ndevu za kuvu. Maji yakaanza kutokota mapema. Wacera akainama, akasoma, akamwita Peterson asome, akamwita na mama.

"Tisini na moja!" wakasema wote.

"Kwa nini, Guka?" Peterson aliuliza.

"Hewa ni mzigo," guka alijibu. "Kule Mombasa, maji yamebebeshwa hewa nyingi, hivyo lazima yapate moto zaidi ndipo yaweze kuruka. Huku juu mzigo ni mwepesi, nayo huruka kabla hayajawa moto sana. Ndiyo sababu mkaaji wa mlimani akitaka maharagwe yaive, awe na subira."

Akasema hayo, kisha akamshika mama mkono, wakacheza hatua mbili na kupinda goti mbele ya askari wa wanyamapori, ambaye alicheka hadi akaegemea lango. Wacera hakutazama kando kwa aibu. Alipiga makofi kuwapa mdundo.

Leo Wacera yuko gredi ya tisa. Guka Gathogo alizikwa mwaka jana Ruring'u, na akina mama wa soko walimwimbia tangu asubuhi hadi jua likaenda upande. Wacera akiulizwa ni siku gani anayoikumbuka zaidi, haitaji ile ya mlimani. Huitaja Jumatatu iliyofuata, yeye na Peterson waliposimama mbele ya darasa na bango jipya lisilo na rangi nyingi, wakaeleza walivyoandika uongo na walichokiona walipopima kweli. Guka alikuwa ameketi dawati la nyuma, magoti yamegusa kidevu, akisikiliza kama mwanafunzi.

Walipomaliza, Mwalimu Watiri alisimama.

"Watoto wangu," alisema, "kitabu hakikukosea. Kinasema habari za maji yaliyo usawa wa bahari, nacho kipimajoto kilisema habari za maji ya hapa kwetu. Vyote viwili vilisema kweli. Aliyekosea ni mtu aliyeona jambo moja akaandika jingine kwa kuogopa kuchekwa. Kicheko huisha siku hiyohiyo. Lakini mtu akishajulikana kwamba neno lake si la kweli, hata siku atakaposema kweli, nani atamsikiliza? Ona unachokiona, sema unachokiona. Na ukikosea, wa kwanza kusema awe ni wewe."

Kisha akachukua kalamu nyekundu na, chini ya zile nambari za tisini na nne, akaandika neno moja kubwa: *Kweli.*