Shuka Iliyobaki Ukutani

Jua lilikuwa linazama wakati Badibanga, karani wa ghala huko Kolwezi, aliporudi nyumbani na mfuko wa filamu. Alizipata kwa Mbelgiji mmoja aliyekuwa akifunga virago, mwaka ule wa 1974: katuni mbili, na sinema moja ya zamani ya wapelelezi ambayo hata Mbelgiji mwenyewe alikuwa amesahau jina lake.

Mlangoni alimkuta mama mkwe wake, Tshilombo. Alikuja kuchukua vitu vya marehemu binti yake, Mianda.

“Kunakosa drap moja,” akasema. “Ile shuka alifiaka ndani yake ku hospitali.”

“Ilioza, mama.”

“Unadanganya, citoyen! Kwetu bintu ya mufu inarudiaka kwabo yote. Ukibakisha moja, atakuya kuifuata. Na hatarudia mikono bule.”

Akatema mate kizingitini, akaenda zake.

Badibanga alikuwa amedanganya kweli. Shuka ile ilikuwa sebuleni, imepigiliwa misumari ukutani. Kuta zote zilikuwa za kijani, naye hakuwa na kitambaa kingine cheupe cha kuonyeshea picha.

Akawasha mashine ya sinema. Pembeni yake aliketi Agnès, mtoto wake wa pekee, mwenye miaka sita. Serikali ilikuwa imelifuta jina hilo la Kizungu kwenye karatasi, lakini nyumbani lilibaki.

Katuni zikapita. Paka alianguka kutoka paani, akawa bapa kama chapati, akainuka. Agnès akacheka mpaka akakohoa. Kisha ikaja ile ya wapelelezi: mvua, barabara nyeusi, mwanamume wa kofia akipanda ngazi.

Juu ya ngazi aliketi mwanamke. Mweusi. Amejifunga kitenge, amewapa mgongo…

Umeme ukakatika.

Taa ikazimika. Redio ya jirani ikanyamaza. Mashine ikasimama.

Picha haikusimama.

Harufu ya dawa ya hospitali ikajaa chumbani. Mwanamke akainuka, akaanza kushuka kinyumenyume, polepole, akiwakaribia…

“Papa,” Agnès akanong’ona, “ni mama njo ananiita.”

“Usiitike!”

“Nilisha kuitika.”

Shuka ikafura katikati, kana kwamba mtu aliisukuma kwa bega kutoka ndani ya ukuta.

Badibanga aliing’oa pamoja na misumari yake. Akambeba mtoto mgongoni, akakimbia hadi kwa Tshilombo, akamtupia shuka miguuni.

“Ndiyo hii, mama. Nisamehe. Mutoto iko muzima.”

Tshilombo hakuiangalia shuka. Alimshika Agnès kidevu, akamtazama sana. Kisha akauachia uso ule upesi, kama aliyeshika sufuria ya moto.

“Muende kwenu,” akasema. “Bote wawili.”

Akafunga mlango kwa komeo.

Kesho yake umeme ulirudi. Badibanga aliukagua ukanda wa filamu kipande kwa kipande. Mvua, kofia, ngazi. Mwanamke hakuwamo popote. Akashusha pumzi. Akawasha mashine bila filamu, aone kama taa yake bado nzima, na mwanga ukaangukia ukuta mtupu.

“Papa, paka iko wapi?”

Agnès alikuwa amesimama mbele ya mashine, mwanga ukimpiga kifuani. Nyuma yake ukuta ulikuwa wa kijani wote, kona hadi kona, bila kivuli.