Mtaro wa Kavutha

Ti! Ti! Ti!

Gizani, Kavutha alisikia matone yakigonga sufuria iliyotegwa chini ya bati linalovuja. Aliketi kitandani ghafla. Mvua imeanza!

"Mwau! Amka! Ule mtaro wako!"

"Niache bwana," kaka yake alinung'unika, akajifunika blanketi hadi kichwani.

Kavutha hakulala tena. Alichemsha chai huku masikio yake yakiwa kwenye bati. Shamba lao lilikuwa dogo tu, kwenye mteremko nyuma ya nyumba yao ya Waithaka, Nairobi. Kiangazi kilikuwa kimekausha sukuma wiki zote, wakawa wananunua hata jani moja. Sasa miche ya mboga za managu na kunde ilikuwa imeanza kushika. Je, nayo itaondoka na maji?

Jana yake, kwa kuwa ilikuwa likizo, mama yao Nzisa alikuwa amewagawia kazi. "Mwau, chimba mtaro. Kavutha, vyombo na nguo."

"Lakini Mama, mimi ndiye niliyechimba na Susu kule Makueni," Kavutha alisema. Susu ni nyanya yao. "Mtaro unapita kando, unakata mteremko."

Mwau alicheka. "Jembe ni la wanaume. Wewe pigana na masufuria!"

Mama alikuwa anachelewa kazini, akachukua mkoba akaondoka. Mwau alichimba mtaro ulioshuka moja kwa moja hadi chini, ati maji yaende zake haraka. Saa sita alikuwa uwanjani akicheza mpira.

Kulipokucha, mvua ilipungua. Wote watatu walitoka mbio. Mtaro ulikuwa umegeuka korongo. Mistari miwili ya managu haikuonekana. Udongo wote mzuri, pamoja na mbolea ya kuku, ulikuwa umelundikana kwa jirani wa chini, Everlyn.

"Mama Mwau!" Everlyn aliita, matope yakimfika magotini. "Mbona mmenitumia shamba lenu lote? Na miche yangu ya nyanya iko huku chini yake!"

Mwau aliinamisha kichwa. Upande wa milima ya Ngong mawingu yalikuwa bado meusi.

"Mama, nipe jembe," Kavutha alisema. "Kunde bado zipo."

Mama alitazama mawingu, akamtazama binti yake. "Shika. Mwau, fuata anavyokuambia."

Kavutha alifunga fito tatu kwa umbo la herufi A, akaning'iniza jiwe kwa kamba kutoka kileleni; kamba ikipita katikati, alijua hapo ni sawa. Alipima akikata mteremko, upande wa juu wa kunde. Wakachimba kwa zamu, udongo wakiutupa upande wa juu uwe tuta.

"Unanirudia miguuni!" Mwau alilalamika.

"Tupa kwa nguvu, mwanaume!" Everlyn alimtania kutoka chini. Hata Mwau alicheka.

Walipanda nyasi za nepia juu ya tuta ili mizizi ishike udongo, wakatandaza nyasi kavu katikati ya kunde.

Alasiri mvua ilirudi kwa kishindo. Kavutha alishindwa kuketi. Alienda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Maji yaliteremka kwa kasi, yakaingia mtaroni, yakajaa, yakatulia. Kunde zilisimama.

"Mama Mwau!" Everlyn aliita. "Leo sijaletewa kitu!"

Mama alishusha pumzi. "Nilikosea kuangalia nani msichana na nani mvulana," alisema. "Mvua haiulizi hayo. Siku hizi jua likija ni kali, mvua ikija ni ya kubeba kila kitu. Tukitaka kula misimu yote, anayejua kazi aifanye, na asiyejua afundishwe. Tukishika maji huku juu, na jirani wa chini atapona."

Vyombo vya mchana vilikuwa vimejaa kwenye karai. Kavutha aliviendea, viganja vyake vikiwa na malengelenge. Mwau aliyaona. Akamtangulia, akakunja mikono ya shati.

"Leo vyombo naosha mimi," akasema.