Miche Mia Nne Ishirini na Mmoja

Ndeshi ana miaka saba. Kwao ni mlimani, na mama yake huotesha miche ya kahawa.

Leo mama amehesabu miche. Iko mia nne ishirini na mmoja. Hoo! Mingi kweli!

"Jioni gari linakuja kuichukua," mama akasema. "Tuipange kwa safu. Kila safu iwe sawa na mwenzake."

"Ukibaki mmoja, mama?"

"Mwenye gari huchukua safu zilizo sawa tu. Unaobaki huachwa."

Ndeshi akautazama mche mdogo kuliko yote. Una majani mawili tu. Uachwe? Hapana!

Miche ni mizito. Ndeshi akachukua punje za mahindi. Mche mmoja, punje moja. Akazimwaga mkekani. Kwara kwara kwara!

Akapanga mbili mbili. Tap, tap, tap.

Moja ikabaki, peke yake.
"Ee! Imekuwaje?"

Akapanga tatu tatu. Tap, tap, tap.

Moja ikabaki, peke yake.
"Ee! Imekuwaje tena?"

Akapanga nne nne. Akapanga tano tano. Akapanga sita sita. Akapanga saba saba, mpaka magoti yakauma.

Moja ikabaki, peke yake.

"Wewe! Kaa na wenzako!" Ndeshi akaiambia.
Punje ikakaa pale pale.

Ko ko ko! Kuku akaja. Do! Akameza punje moja.

Ndeshi akapanga tena. Mbili mbili, sawa! Tatu tatu, sawa! Saba saba, sawa kabisa!

"Mama! Mama! Zimekubali!"

Mama akacheka, akashika kiuno. "Kuku amekula punje, mwanangu. Mche je, umeliwa?"

Ndeshi akageuka. Mche mdogo uko pale pale.

Kichwa kikamzunguka. Mia nne na ishirini inakubali zote, mbili mpaka saba. Ukiongeza mmoja tu, inagoma. Kwa nini?

"Hata mimi sielewi," mama akasema.

Ndeshi akaongeza punje nyingine moja. Amechoka. Akazipanga hivyo hivyo, moja nyuma ya nyingine. Tap, tap, tap. Mkeka ukaisha. Akaendelea chini, mpaka uani.

Akatazama mkononi. Hakuna kitu!

"Mama! Safu moja! Hakuna iliyobaki!"

Mama akaja kuitazama. "Kumbe! Sikusema safu ziwe nyingi."

Wakabeba miche. Safu ikaanza mlangoni. Ikazunguka jiko. Ikapita katikati ya migomba, ikafika barabarani. Mche mdogo ukakaa mbele kabisa.

Pii pii! Gari likaja.

"Mama Ndeshi!" dereva akashangaa. "Umetandaza nyoka?"

"Ni safu," Ndeshi akasema. "Hesabu, mjomba."

Dereva akatembea akihesabu, mpaka jasho likamtoka. "Mia nne ishirini na mmoja!"

Akapakia yote. Mche mdogo akaupandisha wa kwanza.

Usiku Ndeshi akapanda kitandani. Mama akamfunika.

"Mama, na ingekuwa mia nne ishirini na miwili?"

"Mh! Sijui, mwanangu."

"Mbili mbili ingekubali," Ndeshi akanong'ona. "Tatu tatu... tatu..."

Akalala.