Mume Aitwaye Nyangi

"Magige, hili umeandika wewe?"

Ursula aliweka karatasi mezani, kidole kwenye mstari wa nne.

"'Nafasi ya mume: mashine ikubali mwanamume tu. Jina la mwanamke ilikatae,'" Magige alisoma. "Ndiyo. Mtaalamu wa Mwanza anataka kila kitu kielezwe wazi, ndipo atengeneze programu."

Ilikuwa mwaka 1994. Kiwanda cha pamba pale Bunda kilikuwa kimepata mmiliki mpya, na kompyuta ya kuorodhesha familia za wakulima ilikuwa njiani. Magige, mtu wa Musoma aliyejifunza mashine kwa vitabu vya kuazima, ndiye aliyepewa kazi ya kuandika itakavyofanya.

"Basi Jumamosi wazee wako wasije Butiama."

"Ursula! Posa imekosa nini?"

"Watamkuta huyo unayemkataa. Mzee wangu ni Nyangi."

"Si ni bibi yako yule?"

"Ndiye aliyemuoa mama yangu, Getruda. Hakujaliwa mtoto wa kiume, akatoa ng'ombe, akaoa mke wa kumzalia watoto kwa jina lake. Mimi ni wa mji wake, mtoto wa nyumba yake."

Magige aliitazama upya karatasi. Miaka miwili alikuwa akisikia "mzee wangu kasema", na kichwani akimwona baba mmoja mkali mwenye ndevu.

"Mbona hukuniambia?"

"Kwetu haiambiwagi, inajulikana. Nyie wala samaki wa ziwani ndio hamjui kitu!"

Alitaka kuchekesha, lakini yeye mwenyewe hakucheka.

Magige hakubisha. Alivuta karatasi nyingine.

"Nieleze polepole, nami niandike. Nikikosea, nikatize."

Ursula alimkatiza mara sita. Karatasi, pamoja na mfano wa familia moja, ikaondoka na basi la jioni la Mwanza.

Alhamisi simu ya ofisi ililia. Ursula alikuwa dirishani akipanga kadi za wakulima, na mtaalamu alikuwa na sauti ya kufika mpaka huko.

"Bwana Magige, mfano wako una kosa. Mume: Nyangi. Mke: Getruda. Nyangi si jina la kike huko kwenu?"

"La kike."

"Basi umechanganya. Nikurekebishie?"

"Usiguse. Nimeandika kama ilivyo."

"Mume mwanamke? Una uhakika?"

"Ni baba mkwe wangu. Jumamosi nakwenda kumwomba binti."

Kisha Ursula akaacha kadi, akasogea mpaka kwenye simu.

"Ongeza mstari," alisema kwa sauti. "Binti amekubali."

"Haya," mtaalamu akajibu, "na hiyo niiweke nafasi gani?"